Usiguse Jiwe la Emilia

Cornel aliiosha bajaji yake asubuhi ile mpaka muuza chai wa jirani akamuuliza kama anakwenda kubeba bibi harusi. Cornel alicheka tu, kile kicheko cha mtu anayeogopa kulitaja jambo kabla halijaiva, akatandika khanga safi kwenye kiti cha nyuma, akatoka mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini, na kuishika barabara ya Bahi jua likiwa bado pole.

Muuza chai hakuwa mbali na ukweli. Siku ile Cornel alikuwa anambeba Frida, mwanamke aliyemrudishia usingizi, na pamoja naye shangazi Zipora, mwanamke aliyekuwa na uwezo wa kumpa Frida au kumnyima. Wote wawili kwenye kiti kimoja.

Ilikuwa hivi. Kwa ukoo wa kina Frida, mwanamke akiposwa na mgane haingii nyumba ile kama anavyoingia dukani. Kwanza anapelekwa kwenye kaburi la marehemu. Analifagia kwa fagio jipya, anamwaga maji, ananyunyiza punje za uwele, anapiga magoti na kumsalimia aliyelala pale kama mke mdogo anavyomsalimia mke mkubwa. Anamwomba nyumba. Shangazi anasimama pembeni, anaona kwa macho yake, kisha anarudi kumwambia baba mtu: nimeona, pokea ng'ombe. Wao wanaita kupiga hodi. Na hodi isipopigwa, ng'ombe watarudi walikotoka hata wawe wanene namna gani.

Haikuwa mila ya kuchekea. Hilda, dada mkubwa wa Frida, aliolewa na mgane mwenye haraka zake, aliyesema kaburi la mkewe liko mbali, watakwenda siku nyingine. Siku nyingine haikufika. Hilda alizikwa kabla mtoto wake hajaota jino. Baba yao akaapa mbele ya ukoo kwamba binti mwingine hatatoka nyumbani kwake kwa njia ile, hata aje kuposwa na nani.

Cornel aliposikia sharti hilo aliona limemwangukia jepesi. Kaburi la Emilia, mkewe, alilijua kama anavyokijua kitanda chake.

"Shikamoo, shangazi," alisema alipofika Bahi, akishuka haraka kumpokea bibi kizee yule mwembamba aliyejifunga vitenge viwili.

"Marahaba, mkwe. Hii ndiyo ndege yenyewe?"

"Ndiyo hii, shangazi. Mabawa nimeyaacha nyumbani."

"Afadhali. Mimi nikipanda juu napata kizunguzungu."

Frida alitoka nyuma ya shangazi yake akiwa amekumbatia fagio jipya la nyasi, kibuyu cha maji kikining'inia begani. Alimtazama Cornel mara moja, akashusha macho, lakini mara ile moja ilitosha kumfanya Cornel asahau ufunguo wa bajaji alikuwa ameuweka mfuko gani.

"Unanukia limau," alimnong'oneza alipokuwa anampokea kibuyu.

"Nimeogea. Nimsalimie mwenzangu nanuka kambale?"

Cornel akacheka. Ndivyo walivyojuana. Frida alikuwa anauza kambale wakavu, na siku moja pale stendi ya Dodoma madereva wote walikataa kubeba matenga yake kwa sababu ya harufu. Cornel peke yake aliyabeba, akalalamika njia nzima, na Frida akamjibu njia nzima, mpaka walipofika sokoni wote wawili wakawa hawataki safari iishe. Cornel alikuwa amekaa miaka tisa, tangu afiwe, bila kubishana na mtu kwa raha namna ile.

Wakaacha lami, wakaingia njia ya vumbi inayopita kando ya majaruba yaliyokauka, mabua ya mpunga yamelala kijivu, ng'ombe wanatafuta walichosahau wavunaji. Shangazi Zipora akaanza kazi iliyomleta.

"Mkwe, marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Cornel alimtazama Frida kwenye kioo kidogo cha juu. Frida akamwashiria kwa macho: sema tu.

"Alikuwa mkali, shangazi. Mchapakazi. Na alikuwa wa mkono wa kushoto. Mama yangu alimkanya mpaka akachoka. Kula anakula kwa kulia kwa ajili ya heshima, lakini akishika kazi, ni kushoto. Hata jiwe lake la kusagia lililiwa upande mmoja, limeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mwanamke mwingine akiliazima analirudisha siku hiyo hiyo, anasema jiwe lako lina wazimu."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. "Na alikufaje, maskini?"

Kicheko kikafa. Cornel alibadilisha gia bila sababu.

"Kwa kujifungua. Tulikuwa tunalima huku, nikamleta zahanati iliyo chini ya kilima cha Masista, ndiyo iliyokuwa karibu. Muuguzi ameitwa semina. Gari la wagonjwa lipo, lakini mkubwa mmoja amelichukua kwenda harusini. Tulilisubiri. Liliporudi lilikuwa na maua kwenye kioo." Akakwepa shimo. "Tulimzika na mtoto wake kule juu, makaburini kwa Masista. Msalaba wa saruji sikuuweza. Nilipanga mawe meupe kumzunguka, kichwani nikamwekea lile jiwe lake. Kila mwaka napanda kuyapaka chokaa."

"Hata mwaka jana?"

"Mwaka jana nilikuta waya na kibao. Wakasema kuna mkubwa anakuja kufungua sehemu ya kumbukumbu, raia wasikanyage. Nikarudi na chokaa yangu."

"Mh," alisema shangazi.

Frida akapeleka mkono mbele, kati ya kiti na kiti, akamgusa Cornel bega. Akauacha pale mpaka njia ilipoanza kupanda.

Magofu ya Masista yanaonekana kutoka mbali. Watawa walijenga pale juu kwa mawe tangu enzi za Wajerumani, nyumba kubwa yenye matao, kanisa, ukumbi wa kulia, vyumba vidogo vidogo vya kulala mtawa mmoja mmoja. Kisha maji ya kisima yakageuka chumvi, watawa wakahama, paa likaliwa na mchwa, na upepo wa Dodoma ukamalizia uliobaki. Mnara wa kengele bado umesimama, lakini kengele haipo. Njiwa wameingia mahali pake. Mizabibu ya masista imekwea ukuta wa kanisa na kutoka dirishani, kama watu waliochoka misa ndefu.

Frida alishuka akasimama akitazama juu, mdomo wazi kidogo.

"Cornel, ni pazuri. Hukuniambia ni pazuri."

"Sikuwahi kupaona pazuri," alisema, na ilikuwa kweli. Siku ile ndiyo mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa anapaona usoni kwa Frida.

Mlinzi, kijana aliyevaa koti zito juani, alikuwa anapuliza moto wa chai chini ya tao la mbele. Jina lake Bashiri. Aliwaamkia, akawauliza shida yao, akasikia neno makaburini, na Cornel akaona uso wake umebadilika kidogo. Lakini moyo wa Cornel ulikuwa umejaa, haukuwa na nafasi ya uso wa Bashiri.

"Tangulieni, mzee," Bashiri alisema. "Nainjika chai hii, nawafuata."

Wakazunguka nyuma ya kanisa. Cornel alikuwa mbele, Frida na fagio lake katikati, shangazi akifuata taratibu akijishika kwenye ukuta. Cornel akapita pembe ya mwisho.

Hapakuwa na makaburi.

Palikuwa na uwanja. Udongo mwekundu wa kifusi umemwagwa na kushindiliwa, tambarare kama meza. Mgunga uliokuwa pembeni, ambao Cornel alizoea kuhesabu hatua kutoka kwake, umekatwa hata kisiki hakipo. Benchi la chuma la kukalia wageni. Na kutoka kwenye benchi mpaka mlango wa kanisa, njia nzuri iliyonyooka, imepangwa mawe meupe kulia na kushoto.

Aliyajua mawe yale. Alikuwa ameyabeba mwenyewe, begani, siku ya mazishi.

"Yuko wapi?" shangazi aliuliza nyuma yake.

Cornel hakugeuka. Alitafuta. Macho yake yalikimbia kutoka ukuta mpaka waya, kutoka waya mpaka benchi, yakarudi. Kama mgunga ulikuwa pale, basi Emilia yupo pale. Lakini mgunga ulikuwa pale, au pale? Udongo ulikuwa mmoja, mwekundu, unang'aa. Wakubwa walikuwa wamempiga pasi mke wake kama shati.

"Mkwe. Yuko wapi mwenzake Frida?"

Angeweza kusema kweli. Baadaye, usiku mwingi alipolala macho, alikuja kuiona ile nafasi, jinsi ilivyokuwa pana. Angesema, shangazi, wamenifutia kaburi, sijui aliko mke wangu. Lakini alimwona Frida amesimama na fagio lake jipya, amevaa gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya siku ile, ananukia limau, anasubiri kuonyeshwa. Akaona na kaburi la Hilda nyuma yake. Akaona ng'ombe wanarudishwa. Mkono ukanyanyuka wenyewe.

"Pale," alisema.

Frida alitazama pale. Kisha akamtazama Cornel, akakaa akimtazama.

"Jiwe la kichwani liko wapi?"

"Limefunikwa. Wamemwaga kifusi. Lakini ni pale."

"Una hakika?"

"Frida, mke wangu nitamsahau?"

Lilikuwa neno la kikatili, na alilisema kwa sababu alijua litamnyamazisha. Frida akaona aibu kwa kuuliza. Akavua viatu, akaenda kwenye kona ile ya uwanja, akaanza kufagia. Alifagia vizuri, kwa heshima, akirudi nyuma nyuma ili asiache alama za miguu. Akamwaga maji. Akanyunyiza punje chache za uwele kutoka kwenye pindo la kitenge. Kisha akapiga magoti, viganja vyote viwili juu ya udongo.

"Mbukwa, dada," alisalimia kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha mlango asubuhi. "Mimi naitwa Frida, wa Bahi. Nauza samaki. Wewe ulianza, mimi nafuata. Sikuja kukutoa. Mume wako mimi nimemkuta amekonda, anakula mkate mkavu na soda, nikamwonea huruma, na huruma ikanigeukia. Nakuomba nyumba yako. Nitakaa humo kama mdogo wako. Ukinikataa niambie leo, usininyemelee kama alivyonyemelewa dada yangu…"

Shangazi Zipora alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Cornel alitaka kukimbilia pale amnyanyue. Hakusogea. Alikuwa anamwomba Mungu Frida amalize haraka, amalize, waondoke.

"Mama, samahani." Bashiri alikuwa amefika na kikombe chake mkononi. "Samahani sana. Hapo mnafanya nini?"

"Anasalimia kaburi," shangazi alisema. "Nyamaza kidogo, baba."

"Kaburi?" Bashiri alimtazama Cornel, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti, akashindwa kujua aseme au aache. Akasema. "Hapo hapana kaburi, bibi. Hapo ndipo mafundi walipochimbia choo chao. Mimi mwenyewe ndiye niliyekifukia."

Hakuna aliyecheka. Njiwa walipiga mabawa kule mnarani, wakatulia. Frida alibaki vilevile, magoti chini, viganja chini. Kisha akavinyanyua polepole, akavitazama.

"Makaburi yalikuwa upande gani?" shangazi alimuuliza Bashiri. Hakumtazama Cornel kabisa.

"Uwanja wote huu, bibi. Kila mahali. Waliniambia mkubwa anakuja kufungua, hataki kupita kwenye makaburi, yataleta picha mbaya. Likaja greda. Mimi nilisema jamani humu mna watu. Nikaambiwa wewe ni mlinzi, linda."

"Na mkubwa alikuja?"

"Alifika hapo chini mlimani. Akaambiwa juu kuna vumbi. Akageuza gari."

Cornel alimsogelea Bashiri. "Na jiwe?" alisema. Sauti ilitoka juu sana. "Kulikuwa na jiwe la kusagia! Mlilipeleka wapi?"

"Jiwe la kale? Liko ndani, mzee. Tumelihifadhi."

Ukumbi wa kulia wa masista haukuwa na paa, isipokuwa pembe moja iliyoezekwa mabati mapya. Chini ya mabati kulikuwa na meza ndefu, na juu ya meza vitu vya watawa: funguo zilizoliwa na kutu, kipande cha kengele, chupa za dawa. Mwishoni kabisa, jiwe pana la kijivu na kijiwe chake cha juu, limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kibao kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu: JIWE LA KUSAGIA LA WATAWA. LA KALE SANA. USIGUSE.

Cornel alilishika kwa mikono yote miwili kama anavyoshikwa mtu aliyepotea.

"Ni lake. Frida, hili ni lake. Shangazi, hili ndilo jiwe la Emilia!"

"Mzee, tafadhali, kibao," Bashiri alisema.

Shangazi Zipora alikuwa amesimama mlangoni, chini ya tao, hataki kuingia. "Mara yuko kule kwenye choo," alisema. "Sasa hivi yuko mezani. Nikikaa kidogo utaniambia yuko mnarani na njiwa."

"Shangazi, naapa…"

"Usiape. Umeshaapa kule nje kwa marehemu, mbele ya mwanangu aliyepiga magoti. Kiapo gani kimebaki?"

Na hapo ndipo Cornel alipoijua hali aliyoingia. Alikuwa na ukweli mkononi, mzito, wa kijivu, unashikika, na haukuwa na kazi tena. Alikuwa ameumaliza thamani yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Frida akampita. Alifungua pindo la kitenge, akamimina juu ya jiwe punje za uwele zilizobaki, akashika kijiwe cha juu kwa mkono wake wa kulia, akausaidia kwa wa kushoto kama alivyozoea, akasukuma. Punje zilikimbia pembeni zikamwagika mezani. Akazikusanya. Akasukuma tena. Zikakimbia tena.

"Mama, nitafukuzwa kazi," Bashiri alisema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hata yeye anataka kuona.

Frida akasimama kidogo. Kisha akabadilisha. Akauweka uzito wake wote kwenye mkono wa kushoto, akainamisha bega kidogo, akasukuma. Jiwe likakubali. Sauti ikabadilika, ikawa nene, na unga mweupe ukaanza kushuka taratibu kwenye ule mfereji ambao mwanamke mwingine aliuchimba kwa miaka yake yote ya ndoa.

Alisaga mpaka punje zikaisha. Machozi yalikuwa yanamdondoka puani na hakuyafuta.

"Mbukwa, dada," alinong'ona.

Kisha akageuka. "Shangazi, ni lake. Mimi nimeamini."

Shangazi Zipora aliingia sasa. Akaja mpaka mezani, akalitazama jiwe, akautazama unga. Uso wake haukuwa na ukali tena, na hilo lilimtisha Cornel zaidi.

"Hata mimi naamini, mwanangu," alisema. "Lakini sikutumwa kuona jiwe. Baba yako ataniuliza: Zipora, umeona alipolala? Nitamjibu nini? Mtu ana mahali. Jiwe linahamishwa, hili hapa limehamishwa mpaka limewekewa kibao. Nikisema nimeona, nami nimedanganya, na mwongo mmoja kwenye habari hii ametutosha."

"Shangazi, si yeye aliyefuta kaburi," Frida alisema.

"Sijasema ni yeye. Waliofuta wana yao na Mungu. Lakini waliofuta hawaposi nyumbani kwetu."

Akatoka. Bashiri akamfuata na kikombe chake, akawaacha wawili wale chini ya mabati. Cornel alishika mkono wa Frida, ule wa kushoto, wenye unga.

"Tuondoke," alisema. "Mimi na wewe. Padri atatufungisha. Una akili zako, una biashara yako, si mtoto wa kusubiri ng'ombe."

"Na nikiugua?"

"Utapona."

"Hilda naye aliambiwa atapona." Frida hakuuondoa mkono wake. "Mimi naogopa, Cornel. Nakupenda na naogopa, vyote viwili, na vyote viwili ni vya kweli. Ningeweza kuvumilia hofu. Ningemwambia baba, kaburi limefutwa na wakubwa, si kosa lake, tufanye namna. Ningekupigania. Shangazi mwenyewe angenisaidia, alikuwa ameshakupenda. Ulimwona alivyocheka kwenye bajaji?"

"Nilimwona."

"Basi niambie kitu kimoja. Bashiri asingekuja, ungeniacha?"

"Frida…"

"Ungeniacha nimalize, ninyanyuke, nirudi nyumbani nikijua nimepiga hodi? Niishi ndani ya nyumba yako, nizae humo, na mwenye nyumba sijamsalimia hata siku moja?"

Cornel alitafuta jibu kama alivyotafuta kaburi, kutoka ukuta mpaka ukuta, na kama kule nje, palikuwa tambarare.

"Nilikuwa nakutaka," alisema mwishowe. "Nilichoka kunyang'anywa."

"Najua," Frida alisema. Akaupeleka mkono ule wenye unga shavuni kwa Cornel, akamshika kidogo sana. "Ndiyo maana silii kwa hasira."

Kisha akautoa.

Kurudi Bahi hapakuwa na mtu mwingine wa kuwapeleka. Hilo Cornel hakuwa amelifikiria. Yeye mwenyewe ndiye aliyewasha bajaji, yeye ndiye aliyekwepa mashimo ili asiwarushe, yeye ndiye aliyekuwa anampeleka Frida mbali na maisha yake, kilomita kwa kilomita, kwa uangalifu. Akienda polepole, ni kujidanganya. Akiharakisha, ni kujiua. Akaendesha tu. Kwenye kioo kidogo cha juu aliyaona macho ya Frida mara moja, na Frida alikuwa anayatazama ya kwake. Hakuna aliyeyaondoa mpaka bajaji ilipoingia shimoni na kioo kikageuka.

Nyumbani kwa kina Frida mbuzi walikuwa wamelala kivulini mlangoni. Mzee, baba yake, alikuwa amesimama ndani ya ua, ameshika nguzo ya zizi, anasubiri kuambiwa. Shangazi Zipora alishuka, akakung'uta vitenge vyake. Alifungua fundo la kitenge, akatoa noti iliyokunjwa, akaisogeza mbele bila kuinua macho.

"Tunakupa kiasi gani, dereva?"

Asubuhi alikuwa mkwe.

"Hapana, shangazi," Cornel alisema. "Hapana. Tafadhali."

"Pokea, baba," bibi kizee alisema. "Usitufanye tuwe na deni na wewe. Tutashindwa kulala."

Cornel hakupokea. Shangazi aliiweka juu ya kiti cha dereva, karibu na mguu wake, akaingia uani. Cornel alimwona akisimama mbele ya kaka yake, akatikisa kichwa mara moja. Mzee aliiachia nguzo ya zizi.

Frida alishuka wa mwisho. Alijishika kwenye mgongo wa kiti ili asianguke, akasimama chini, akiwa amelishika lile fagio lililofagia pasipostahili. Alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo refu. Akasema fupi.

"Kula chakula cha kupikwa, Cornel."

Akaenda. Hakugeuka, na Cornel alishukuru kwamba hakugeuka, kisha akamlaumu kwa hilo hilo mpaka alipofika lami.

Jioni ile stendi ya Dodoma ilikuwa imejaa wanafunzi na watu wa maofisini wanaotaka kurudi makwao. Kijana mmoja aliyevaa tai alimpungia, akataja Kikuyu, akainama kuingia nyuma. Akasita.

"Mzee, huku kiti kimechafuka. Kuna unga, kama mtu ameweka kiganja." Alitoa kitambaa mfukoni. "Subiri nipanguse."

Cornel aligeuka. Juu ya mgongo wa kiti cheusi kulikuwa na kiganja cheupe, vidole vitano, kila kimoja kimejichora. Mkono wa kushoto.

"Usiguse," alisema.

"Sasa nitakaa wapi, mzee?"

"Panda nyingine, mwanangu," Cornel alisema. "Hii haibebi tena leo."